Injini ya Dizeli Kutoka Kasulu Hadi Kibondo

Barua ya dada yangu Zainabu ilinikuta Kimamba, kwenye karakana ya shamba la mkonge, nikiwa nimelala chini ya trekta. Zainabu ni mdogo wangu, mwalimu, na serikali ilikuwa imempeleka kufundisha Kibondo, ambako hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika. Aliandika kwamba kijiji chao kina trekta kuukuu la petroli, na petroli imeadimika kabisa huko. Dizeli inapatikana, kwa sababu malori yote yanayopita yanaitumia. Kijiji kimepata injini ya dizeli Kasulu kwa kubadilishana na mbao za mninga, lakini hakuna wa kuifunga. Bwana shamba amesema mvua za kupandia zikikuta trekta limelala, litavutwa lipelekwe kijiji kingine. "Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema kaka yangu anaweza," alimalizia. "Usiniaibishe."

Nikaomba likizo. Ninyi wa nyumbani mnanijua, kwa kupenda sifa sijambo.

Siku ya tatu tangu kupanda treni nililiona ziwa pale Kigoma, nikaliaga papo hapo, maana lori la chumvi lilikuwa linaondoka kwenda Kasulu. Barabara ilipanda na kupanda. Niliyedhani Kigoma yote ni joto la ziwani nilijikuta naomba gunia tupu nijifunike.

Kasulu, asubuhi. Zainabu alikuwa ananisubiri mbele ya duka, pembeni ya lori lililopakia mbao. Alikuwa amekonda kidogo lakini kicheko ni kilekile. Pamoja naye alikuwa Bukuru, dereva wa trekta la kijiji, Muha mrefu asiyepoteza maneno. Alipiga makofi mawili madogo kwa adabu ya kwao.

"Mwakeye, fundi. Kimamba hawajambo?"

Aliuliza habari za mama yangu, za mke wangu, za mvua ya kwetu na za ng'ombe ambao sina. Ndipo akatoa mfukoni kamba ya mgomba yenye mafundo. Kila fundo lilikuwa kipimo: upana wa sehemu ya klachi, umbali wa bolti na bolti, urefu wa nafasi ya injini. Nilicheka moyoni. Baadaye niliyapima upya mafundo hayo kwa rula yangu ya chuma, sikuona tofauti, na kicheko kikaniisha.

Mwenye injini alikuwa Mzee Abdallah, mfanyabiashara mzaliwa wa Ujiji, mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa amepata injini kubwa zaidi, hii ya zamani akawapa watu wa Kibondo. Hakutaka mazungumzo ya kazi kabla ya chakula, tukala wali na migebuka, samaki wa ziwani, hadi nikafungua kishikizo cha suruali. Kisha akaiwasha ili tuisikie, ikamalizia kusaga debe la mwisho la mahindi. Ilinguruma vizuri, bila moshi mwingi.

Hapo niliona jambo. Mkanda uliotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu ulikuwa umepishanishwa katikati, kama namba nane. Nikautazama, nikautazama tena. Swali likanifika mdomoni. Lakini mashine ilikuwa imejaa watu, na Zainabu alikwisha kunitangaza kuwa ni fundi mkuu wa mkonge, jambo ambalo si kweli. Nikaona haya kuuliza habari ya mkanda kama mwanafunzi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Umeridhika, fundi?" Mzee Abdallah aliuliza.

"Nimeridhika, mzee."

Kesho yake alfajiri tuliondoka, injini imefungwa kamba juu ya lori. Makere tulinunua ndizi. Mbele kidogo, kwenye geti la mbung'o, walinzi walitupulizia dawa na kutupekua mgongoni kwa wavu, maana hao wadudu husafiri bure kuliko abiria yeyote. Tulipofika daraja la Malagarasi dereva alituomba sote tushuke tuvuke kwa miguu, gari lipite jepesi. Tulishuka wote isipokuwa Bukuru, aliyebaki ameikumbatia injini.

"Shuka, ndugu yangu," nilimwambia.

"Ikizama nizame nayo. Nikirudi peke yangu nitawaambia nini watu?"

Hawakuzama. Saa kumi jioni tulikuwa Kibondo.

Siku tano tulifanya kazi mimi na Bukuru, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Tulishusha injini ya petroli. Kwenye karakana ya misheni tulikata sahani nene ya chuma ya kuunganisha injini mpya na trekta, tukatoboa matundu yake kwa kufuata mafundo ya kamba. Kila aliyepita alisimama kutupa pole ya kazi. Wengine waliacha asali, wengine maharage ya kuchemsha. Nilikuwa na furaha, niseme kweli, na nilianza kujiona mkubwa.

Siku ya sita asubuhi kijiji kizima kilikuja. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Burundi. Bwana shamba naye alikuja, na nyuma ya gari lake niliiona kamba nene ya kuvutia, imeshakunjwa tayari. Injini ikawaka mara moja, akina mama wakapiga vigelegele. Bukuru akatia gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na trekta likaenda kinyumenyume.

Akasimama, akaitazama gia. Akatia ya pili. Trekta likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likaangusha ua wa ofisi.

"Limekumbuka kwao," alisema bibi mmoja aliyekaa mbele. "Linarudi Kasulu."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Bwana shamba hakucheka. Alisema atarudi baada ya siku mbili na kamba yake. Zainabu alikuwa anatazama miguu yake, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Bukuru alishuka, akanisogelea. "Fundi, gia ya nyuma inakwenda mbele. Tunaweza kulima na hiyo moja."

"Pole pole hivyo? Mtamaliza lini?"

"Ego, itachukua muda," alikiri.

Ule mkanda ndipo uliponirudia. Injini zote nilizopata kufunga zilizungukia upande mmoja, sikuwahi kufikiri kwamba iko inayozungukia upande wa pili. Mzee Abdallah aliupishanisha mkanda ili kinu kizunguke sawasawa. Kamba ya Bukuru ilipima kila kitu isipokuwa hilo, na hilo lilikuwa juu yangu mimi. Nikamwita yeye na Zainabu nikawaeleza ukweli wote, pamoja na haya yangu ya kuuliza. Zainabu akauliza jambo moja tu.

"Sasa linatengenezeka?"

Lilitengenezeka. Tulifungua difu, sanduku la meno linalozungusha matairi ya nyuma, tukatoa gurudumu lake kubwa la meno, tukaligeuza likae upande wa pili. Likikaa hivyo, injini inayozunguka kinyume huzungusha matairi kwenda mbele. Ni kazi ya siku mbili, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Siku ya pili mchana Bukuru alitia gia ya kwanza, na safari hii hakuna aliyepiga kigelegele mpaka trekta lilipokwenda mbele hatua ishirini. Bwana shamba alilikuta shambani linavuta plau. Alilifuata mtaro mzima wa plau kwa miguu, kisha akarudi kwenye gari lake na kamba yake ikabaki pale ilipokuwa. Mvua ilinyesha usiku huohuo.

Zainabu alinisindikiza hadi kituo cha lori. "Kaka," alisema, "hukuniaibisha. Ulijiaibisha mwenyewe tu." Tukacheka wote wawili mpaka machozi.

Nilipopita Kasulu nikirudi, nilikwenda kumsalimu Mzee Abdallah na asali ya Kibondo. Nikamsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaiweka asali kando.

"Nilitaka kukwambia," alisema. "Nikakuona unautazama mkanda, ukautazama tena, ukaitikia kwa kichwa. Nikasema, huyu amesoma, ameona. Nikaona haya kumfundisha fundi."

Basi tulikuwa wawili wenye haya, na kijiji kizima nusura kilimie jembe la mkono kwa ajili yetu.

Sasa nimerudi Kimamba. Juzi waliniletea injini ya pampu nifunge, na swali langu la kwanza kwa mwenye injini lilikuwa: inazungukia upande gani? Wenzangu karakanani wakaangua kicheko, fundi mzima anauliza hivyo. Niliwaacha wacheke, nikangoja jibu.