Siku Niliyomwangukia Mkwe Wangu

Mkwe wangu ana heshima mpaka inachosha. Kwetu magharibi, mama mkwe na mwanamume aliyeoa binti yake hawashikani mikono, hawakai karibu na hawaangaliani usoni. Wengi hapa mtaa wa Tena, Nairobi, walishaachana na hayo mambo. Yeye bado. Tukikutana kwa ngazi anageukia ukuta kama mtu anasoma notisi, halafu anamwambia binti yangu kwa sauti ya kanisani, "Tafadhali mwambie mama tunamsalimia." Na mimi nimesimama hapo hapo. Binti ananiambia nasalimiwa. Namwambia, "Mwambie huyo anayesoma ukuta, nimeskia."

Sasa huyu mtu alinunua van ya kubeba watoto wa nasari, kutoka Njiru wanakoishi na binti yangu, kuwaleta shule huku kwetu. Kabla shule zifunguliwe wazazi wakajaa kuliko viti, na neno hapana yeye halijui. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akaongezewa benchi ya watoto watatu nyuma tu ya kiti cha dereva. Benchi yenyewe inatazama nyuma, kwa hivyo hao watatu wanampa dereva mgongo na wanaangaliana na wenzao. Mmoja wa hao watatu angekuwa mjukuu wangu, mtoto wao wa miaka minne, anayeniita shosho.

Fundi nilimpata akiipiga benchi kofi kama mtu anauza ng'ombe. "Mathe, hii kitu ni ngumu. Hii gari itaoza yote, kiti ibaki imekaa." Ana sauti ya kutokea kwa pua, huyo. Nilimuiga jioni kwa majirani, wakaniambia niwache, watamwaga ugali.

Jumatano mkwe na binti yangu wakanikujia tuijaribu gari mpaka Njiru na kurudi. Kazi ikawa, huyu mama akae wapi? Pale mbele na dereva, haiwezekani. Hivi viti vingine, kioo chake cha dereva kitakuwa kinaniangalia uso njia yote. Mkwe akatoka nje, akazunguka gari mara mbili akifikiria. Mimi nikapanda nikakalia benchi mpya, mgongo wangu kwa mgongo wake, binti yangu akakaa ng'ambo tunaangaliana.

Nikamwambia, "Mwambie mwenye gari, hiki ndicho kiti cha mama mkwe. Serikali iweke sheria kila gari iwe nacho."

Niliskia mkwe anacheka, maana benchi ilikuwa inatingika. Wakati huo nilifikiri inatingika kwa sababu ya kucheka.

Tukafika Kangundo Road, tunaenda vizuri tu, mimi naangalia barabara ikikimbia kurudi kwetu. Mbuzi wakaingia barabarani. Mimi sikuwaona, si nilikuwa natazama tulikotoka? Nilichojua ni breki. Na ukikaa hivyo, breki haikurushi mbele ya macho yako. Inakukandamiza kwa kiti. Nikakandamizwa. Chini kukalia kraaa, benchi ikalala chali na mimi juu yake, miguu ikapanda, leso ikanifunika, na kichwa, kwa vile hakikuwa na pa kuegemea, kikatua juu ya bega la mkwe wangu. Kikatulia hapo kama ni mto.

Hakuna mtu alisonga. Mbuzi walivuka wote.

Halafu naskia kale kasauti ka kanisani, sasa kamekauka, "Mwambie mama asonge kidogo."

Nikajibu chini ya leso, "Mwambie dereva, mama angetaka, lakini miguu iko juu."

Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akanivuta, akaninyoosha, akainama aangalie ile benchi. Akanionyesha kwa kidole. Nikaangalia pia. Nati za upande mmoja zilikuwa zimeng'oka na bati ya sakafu imefunguka kama mkebe wa samaki. Tena mimi niko mmoja, mwili wenyewe umebaki mifupa. Jumatatu hapo wangekaa watatu, bila hata mshipi.

Lakini mkwe alikuwa anaona bega lake tu. Mama mkwe amemlalia! Jioni akaniletea ujumbe kupitia binti: ataleta kondoo na blanketi, ndio hiyo aibu iondoke. Nikamwambia kondoo sitaki. Ninachotaka ni ile benchi itoke. Akarudisha jibu kwamba wazazi ameshawaahidi, ataongeza nati kubwa, na wakaguzi wa magari wakiipitisha mimi pia nikubali. Nikasema sawa, aende wakaguzi waione. Lakini kabla ya hapo kondoo asikanyage kwangu. Na mtu wa heshima kama yeye, kukataliwa kondoo ni kulala na misumari.

Ijumaa akaja. Binti alikuwa kazini, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Akasimama mlangoni akitazama fremu, muda mrefu sana. Nami sikumsaidia.

"Mama," akasema mwisho, "nimeitoa."

Akanieleza alivyoambiwa na mkaguzi, na mimi nikaishika ile sauti kutoka mdomoni mwake nzima nzima, nzito, ya mtu ameshiba. "Kutazama nyuma siyo shida, bwana. Kuna gari zinatoka kiwandani hivyo, na kiti kinashikilia chuma ya chini, kina mshipi, kina pa kuegemea kichwa. Hii yako imeshikilia bati. Na kubadilisha viti bila ruhusa, nani alikwambia?" Halafu akauliza ni nani alikuwa amekaa hapo ikivunjika. Mkwe akasema ni mama mkwe. Mkaguzi, kumbe na yeye ni wa kwetu, akaweka kalamu chini. "Mama mkwe? Akakuangukia?" Akamwangalia sana. "Na baada ya hiyo bado unataka kuweka watoto."

Mkwe akasema, "Zile nati zilizobaki, nimezitoa na vidole. Sikuhitaji spana. Mama, ningemkalisha mtoto wangu hapo."

"Ungemkalisha," nikamwambia. "Sasa hutamkalisha. Ingia, chai inapoa. Na kondoo ulete."

Aliingia. Alikunywa chai akiangalia televisheni iliyozimwa, na mimi nikaangalia dirisha.

Jumatatu alienda raundi mbili, na bado anaenda mbili mpaka leo. Mjukuu wangu aliwekwa raundi ya pili, akakuta wenzake wameshaimba wimbo wa asubuhi, akanuna. Mwalimu akamuuliza mbona amechelewa.

"Shosho alivunja kiti," akasema.