Mkwe Wangu Huyu ni Mwi

Fundi milango mmoja alipewa jina la Chapchap, likamganda kama gundi yake mwenyewe. Alikula chapchap, alioga chapchap, na milango yake ilifungwa chapchap pia, ilimradi uisaidie kwa bega. Mtu mmoja tu duniani hakumpata chapchap: mama mkwe wake, ambaye tangu siku ya posa alimtazama kama mtu anayekagua nyanya iliyobonyea.

Basi mama huyo alipostaafu ushonaji na kuachana na cherehani, watoto wake wakamfanyia sherehe. Akashika kipaza sauti na, hamtaamini, akamsifu Chapchap mbele ya ukoo mzima! Chapchap mwenyewe aliangusha kijiko.

Mpiga picha alipoleta filamu ya sherehe kwenye diski, Chapchap akatangaza, "Kila nyumba ya ukoo ipate nakala yake. Kufikia Jumapili wote wawe wamesikia nilivyo."

"Si umwachie mpiga picha azichome?" mkewe akasema.

"Yule anachoma kama anachemsha mawe. Kuchoma ni kuchoma, mama watoto. Moto mkali, geuza, toa!"

Na tumpe haki yake, alianza kwa akili. Wasiojua hunakili kutoka diski hadi diski, mashine ikisoma huku ikiandika, mwendo wa konokono. Yeye aliihamishia filamu yote kwenye kompyuta mara moja tu, akachomeka vichomeo viwili, mashine za kuandikia diski, diski mbili zikawa zinaiva kwa mpigo. Angeishia hapo ningemwita profesa. Lakini haraka ikishapanda kichwani haishuki kwa ngazi. Alikuwa amenunua diski za bei chee, boksi lake limeandikwa kabisa kwamba hazitaki mwendo mkubwa. Akaupandisha mwendo hadi mwisho. Kompyuta ikatoa swali: je, kila nakala ihakikiwe?

"Inauliza nini?" mkewe akachungulia.

"Inauliza kama nina wasiwasi. Nimeijibu sina."

Jumapili, shemeji yake, kaka wa mkewe, aliweka nakala yake mbele ya wageni. Mama akatokea kwenye skrini, kidole kimemwelekea Chapchap: "Ninyi hamumjui. Mkwe wangu huyu ni mwi..." Picha ikaganda. Sauti ikagoma kusonga: mwi, mwi, mwi, mwi.

Simu ikalia kwa Chapchap.

"Shemeji, mama anasema wewe ni mwi nini?"

"Mwingi wa hekima! Mwingi wa hekima, shemeji!"

"Aa, pole. Huku tumeshamalizia wenyewe."

Kumbe diski zote, kwa kuchomwa mbio zilezile, zilikwama palepale. Nyumba moja wakamalizia mwizi, nyingine mwiba, na shangazi mmoja mwenye huruma akasema labda ni mwiko.

Chapchap akachoma upya, mwendo wa pole, akihakiki moja moja huku jasho likimtoka. Akapita nyumba kwa nyumba kubadilisha. Mpya wakazipokea kwa adabu. Za zamani hakuna aliyetaka kuzitoa.

Mwisho akafika kwa mama mkwe. Alimkuta sebuleni na majirani, televisheni inaita mwi, mwi, mwi, nao wanafuta machozi ya kicheko.

"Mama, nimekuletea iliyo nzima. Maneno yako yote yanasikika."

"Maneno yangu?" Mama akajikaza asicheke. "Yale alinikaririsha mkeo, baba. Wiki nzima ananifuata hadi jikoni, sema mama, sema. Hekima yako mimi nimeiona wapi, na mlango wangu wa uani tunaupiga bega?"

Chapchap akainamisha kichwa, diski nzima mkononi kama kisahani kisicho na kikombe.

"Lakini tangu nikuoze binti yangu," mama akaendelea, "leo ndiyo mara ya kwanza umenichekesha mpaka mbavu zikauma. Sogea, keti hapa karibu yangu."

Akaketi. Jirani akainama kumtazama vizuri.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mama mkwe akajibu, akimpigapiga goti kwa fahari. "Mwi wangu."