Nambari ya Baba Ubaoni

Juzi niliona ubao wa mbio za pikipiki za mwaka huu hapa Gatuanyaga, nambari zimeandikwa kwa chaki, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, Baba alishindana kwenye mbio hizo za kutwa nzima, akizunguka kwenye vumbi lililonuka petroli. Alasiri, mwalimu wetu wa Sande Skuli, aliyesimamia ubao, akaifuta nambari ya Baba. Nilielewa mara moja: Nyanya alipofariki, mwalimu huyo ndiye aliyefuta jina lake kwenye orodha ya kanisa.

Nikalia mpaka Baba akatokea akisukuma pikipiki.

“Kwani nani amekufa?”

“Ni wewe.”

“Ni cheni tu imekatika, mami. Ukitoka mbioni unafutwa.”

Jasho lake lilinukia vizuri ajabu. Hata hivyo, sikukubali kwenda nyumbani mpaka mwalimu alipoiandika tena ile nambari.