Historia Niliyoisomea Mashua ya Mama Feza

Mnicheke tu, nimestahili. Mimi ni mwalimu hapa Kindu, na mdomo wangu hutangulia kichwa. Mama Feza, muuza samaki, alinunua mashua kuukuu ya chuma yenye jina Hirondelle. Siku ya safari yake ya kwanza kwenda Lokandu, akaniomba niwasomee abiria historia ya mashua hiyo.

"Mwalimu, iwe nzito!"

Historia hiyo hakuna aliyeijua. Nikatafuta jina kwenye simu, nikapata: Hirondelle, meli iliyotegua mabomu baharini katika vita ile kubwa ya Wazungu! Nikaichapisha yote bila kuisoma.

Basi nikasimama ndani ya mashua, abiria wamejaa na kuku wao. Nikasoma jinsi ilivyosafisha bahari nzima. Makofi!

"Mabomu huku kwenye mto wetu Lualaba?" akauliza mzee mmoja.

"Baba, njo historia, ndiyo yenyewe, sikiliza!" nikamjibu.

Nikafika ukurasa wa mwisho, sauti juu: "Kisha ikagonga bomu, ikazama na wote waliokuwamo."

Abiria wakaanza kukusanya kuku wao. Mzee akaniangalia, akagonga chuma kwa kidole.

"Mwalimu, kama ilizama na wote, sisi humu ndani njo banani, ni akina nani?"