Fundi wa Jericho aliyesikiliza injini kwa meno

Wakuu, habari za mchana. Haya yalinitokea wiki iliyopita na sijaongeza chumvi.

Nimemaliza chuo, bado natafuta kazi, na nyumbani Kaloleni wananiita Bwana Wasiwasi. Kwa hivyo niliposema injini ya gari la baba inagonga, hakuna aliyejali.

Gari lilikuwa linavuja oil. Tunatandika katoni chini, baba anaongeza oil akikumbuka. Mlio wa kugonga ulipoanza, ko-ko-ko, akaweka oil nzito. Ukanyamaza.

"Unaona? Limepona," baba akasema.

Kesho yake alikuwa ampeleke mama Kakamega. Mimi bado niliusikia, chini kabisa, akikanyaga mafuta. (Nilisikiliza mpaka friji nikaishuku.) Nikamsihi tupitie kwa fundi Jericho. Akakubali ili ninyamaze.

Wakuu, fundi mwenyewe hasikii vizuri! Kuongea naye ni kupiga kelele.

Baba akaniangalia. "Umenileta kwa kiziwi asikilize injini?"

Injini ikiwa inanguruma, fundi akachukua mpini wa ufagio. Ncha moja akaibana kwenye block ya injini, nyingine akaiuma. Akafumba macho. Akahamisha, akauma tena. Kisha akainua vidole vitatu.

"Piston ya tatu. Beringi ya chini imeisha. Nani aliweka oil nzito?"

Nikamtazama baba.

"Mzee, gari langu nalijua," baba akaanza.

Fundi akapangusa mpini kwa shati, akampa. "Uma. Mfupa unasikia kuliko sikio."

Baba, mstaafu wa reli, na suti yake, akauma ufagio mbele ya watu. Nikaona uso ukibadilika: ameisikia. Akazima injini mwenyewe, akampigia mama: "Kesho tunapanda basi."

Sump, lile bakuli la oil chini ya injini, ilipofunguliwa, oil ilimetameta vumbi la chuma kama rangi ya kucha. Fundi akashika rod ya ile piston ya tatu, akaitikisa kwa mkono: tak, tak.

"Ungepanda milima ya Mau na hii, ingetoboa ubavu wa injini," akasema nilipomweleza habari ya kuvuja na katoni. "Oil ikipungua, beringi ndiyo huumia kwanza. Hiyo katoni ilikuwa inawaambia."

Nilichojifunza: oil ikivuja, tafuta inatokea wapi, usijaze tu. Na oil nzito hunyamazisha sauti, haitibu.

Jana baba aliniita jikoni. Alikuwa amesimama karibu na friji, ameinamisha kichwa.

"Bwana Wasiwasi, hebu kuja usikilize hii."

Kuna mwingine humu aliyewahi kuuma mpini? Mafundi, nikosoeni.