Vidonge vya Marehemu Athumani

Mimi ni Amina, mjane wa Athumani, wa Magamba. Shule niliishia darasa la pili, ila hili nataka mlijue. Nilikuwa mtu wa shamba. Karoti nazishusha Lushoto kichwani, kuumwa sikujui.

Alipofariki Athumani, moyo ukaanza kunienda mbio. Nikafungua kopo lake la vidonge vya moyo. Kwetu dawa ya marehemu haitupwi. Nikameza kimoja, nikaona nafuu. Nikaendelea, asubuhi na jioni.

Wiki zikapita, tumbo likakataa chakula. Nikatapika mpaka nyongo. Kila kitu nikakiona cha manjano, hata nyuso za watu. Siku moja nikaanguka kwenye tuta. Mke mwenzangu, Mwanaidi, alinikuta nimejikojolea.

Akanipeleka kwa Daktari Rajabu, mwenye zahanati karibu na soko.

"Shikamoo, bibi. Kuna dawa unatumia?"

"Marahaba, baba. Hakuna."

Niliona haya. Bibi mzima kula dawa ya maiti!

Akanilaza, akanibandika nyaya kifuani na miguuni, za baridi kama chura. "Usitikisike, bibi." Mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Akaitazama, akairudia. Uso ukambadilika.

"Bibi, moyo wako unapiga polepole mno. Mapigo mengine yanaruka. Moyo unaweza kusimama. Una hakika hakuna dawa?"

Jasho likanitoka. Nikaanza shahada kimoyomoyo. Nilijua nakufa, tena na uongo mdomoni. Bado nikasema hakuna.

Mwanaidi akanishika mguu. "Amina we! Mume tuligawana, vidonge vyake unakula peke yako? Kila asubuhi nasikia kopo likilia!"

Nikalia kama mtoto. Nikasema yote.

"Basi ndivyo vinavyokuua," daktari akasema. Akatafuta gari hapo hapo, nikapelekwa hospitali. Siku nne nililala na nyaya kifuani, nikisikia moyo unagonga, unanyamaza, mimi nangoja kama utagonga tena. Kila ukinyamaza nilikuwa namuaga Mwanaidi. Siku ya tano wakachora tena ile mistari ya moyo, mapigo yakawa yamekaa sawa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Rajabu, namshukuru Mwanaidi aliyenisuta mbele ya daktari. Mpaka leo naogopa kulala chali. Wazee wenzangu, daktari akiuliza, semeni yote. Mimi aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilichagua kufa kuliko kuchekwa.