Jirani Yupo?

Kalenda ya mwaka huu ya yale mabasi ya njano ililetwa mpaka ofisi ya walimu, na mimi ndiye niliyeiomba nikaenda nayo nyumbani Buhongwa. Nyuma yake wameandika historia yao: walianza na basi moja, sasa wanafika Geita na Bukoba, na nauli bado ni ya mwananchi wa kawaida. Nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimeona walichoruka. Hakuna neno hata moja juu ya lile swali. Mtu anayejiandikia historia kwenye karatasi ya kung'aa lazima umtilie shaka, na mimi sikuanza leo kuwatilia watu shaka.

Basi lao la kwanza nalikumbuka vizuri, maana nilikuwa nafundisha Sengerema na nyumba yangu ni Buhongwa, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Mwenye basi alikuwa mama mjane wa Kiseke aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa. Lilikuwa lori la dagaa, akalitengenezea bodi na viti, kisha akawapa mafundi wa mitumbwi walipake rangi iliyobaki ya mitumbwi. Siku ya jua kali ukiegemea dirisha unashuka na njano mkononi. Na harufu ya dagaa haikutoka kamwe, walau si katika miaka yangu.

Nauli yake ilikuwa chini kuliko ya wote, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Stendi kule Nyamagana walisema bei ile haiji hivihivi, huyo mama ana mambo yake, na safari yoyote basi linapovuka ziwa kuna mtu atabaki. Mimi ni msomi, nilicheka mbele ya wenzangu. Lakini sikukaa kiti cha nyuma hata siku moja, na kabla ya kupanda nilikuwa natazama matairi kama vile nayajua.

Ukweli wa bei ile ulikuwa mwepesi, niliambiwa na dereva mwenyewe. Yule mama alishakuwa na makondakta watatu, akawafukuza wote watatu kwa sababu hakumwamini hata mmoja. Akaamua basi lake litakwenda bila kondakta, na alichookoa akakipunguza kwenye nauli. Tiketi unakata dirishani kwa dada wa stendi, dereva anaendesha, na abiria wanalindana wenyewe. Nikamwelewa mara moja. Nilijiambia, huyu ni mtu wa aina yangu.

Kulindana kulikuwa hivi. Enzi hizo daraja halijajengwa, kwa hiyo pale Kigongo abiria wote tulishuka, basi likaingia kwenye kivuko peke yake, sisi tukafuata kwa miguu, tukapanda tena ng'ambo ya Busisi. Bila kondakta, nani atajua nani amebaki? Ndipo dereva aliposimama mlangoni na kuuliza safu kwa safu: "Jirani yupo?" Unamjibia uliyekaa naye. Ukisema yupo, imetosha, dereva haendi kuhakiki. Watu walilipenda swali hilo mpaka basi lenyewe likaitwa hivyo, na jina lililoandikwa ubavuni likabaki la kwenye karatasi.

Mimi swali lile sikulipenda. Niliona ni ujanja wa mwenye mali kutubebesha kazi yake. Nilijibu "yupo" kwa sauti ya mtu anayetaka safari iendelee.

Jumamosi moja nilikuwa narudi shuleni kusahihisha mitihani. Nilipopanda Buhongwa nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa, amejifunga kitenge cha bluu, kifurushi mapajani. Akanipisha dirishani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, kisha akaanza kuuliza: natoka wapi, nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu, nikaishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Mdogo wake wa kiume amefariki, anazikwa Sengerema saa nane mchana, ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo ananiomba nisimwache pale kivukoni.

Nilijua, au nilijiona najua, hadithi hiyo inakoelekea. Msiba, magoti, halafu linafuata ombi. Nikageukia dirisha. Kuanzia hapo macho yangu yalikuwa kwenye kifurushi: gazeti, juu yake kanga ya zamani ya maua mekundu, mafundo mawili. Ningeweza kukichora. Uso wake sikuutazama tena, maana ukimtazama mtu usoni umempa mlango.

Kigongo tukashuka. Kivuko kilikuwa kinapakia. Mama akanishika mkono kidogo akasema anaingia chooni mara moja, nimshikie kifurushi. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliokamatwa na mizigo ya wenzao, bangi, sijui nini. Nikamwambia hapana mama, mimi mizigo ya watu sishiki. Hakununa. Akakipachika kwapani akaenda nacho, polepole, na mimi nikaingia kivukoni na mkoba wangu nikiwa nimeukumbatia.

Busisi nilikuwa wa kwanza kurudi kitini. Dereva akafikia safu yetu akauliza. Nikachungulia dirishani, nikaona kitenge cha bluu pale kwa wauza samaki wa kukaanga, mgongo umenielekea. Nikajisemea, ndiye huyo, mwenye haraka ya msiba lakini ya samaki anayo nafasi. Nikajibu, "Yupo."

Abiria wa mwisho wakapanda, basi likaondoka. Kile kitenge cha bluu kikapita pembeni yangu kikaenda kukaa nyuma. Alikuwa binti mwenye mtoto kifuani.

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kuliko hata pale nilipokataa kifurushi. Sikusema papo hapo. Nilifikiri watanicheka, mwalimu mzima hamjui aliyekaa naye. Nilifikiri pengine mama kahamia kiti kingine. Nikageuka nikatazama nyuso zote za basi lile, na nikagundua kwamba hata kama angekuwepo, nisingemtambua bila kifurushi chake. Tulikuwa tumeshapanda kilima tukaliacha ziwa nyuma ndipo niliponyanyuka kumwambia dereva.

Akasimamisha basi. Hakunigombeza. Alinitazama tu kwenye kioo.

"Mwalimu," akasema, "si ulisema yupo?"

Dereva akapiga simu kivukoni, akaambiwa mama yuko ng'ambo ya Kigongo, kivuko kilimwacha akitoka chooni, na hana nauli ya gari jingine. Atakuja na basi hilihili, safari yake ya mchana. Dereva hakukubali kurudi, maana kusubiri kivuko kimlete kungewakalisha abiria wote zaidi ya saa nzima. Tukaendelea. Mkoba wangu ulikuwa kwenye kiti chake na sikukumbuka niliuweka hapo saa ngapi.

Sengerema sikwenda shuleni. Nilikaa stendi kwenye benchi la mama ntilie, chai ikapoa, saa nane ikafika, ikapita. Nilijitetea kwa kila namna. Misiba hucheleweshwa, padri huchelewa, labda kaburi lilikuwa na mwamba. Saa tisa na nusu basi likaingia na yeye akashuka wa mwisho, kwa upande, akishikilia mlango. Safari hii nilimtazama usoni. Alikuwa na chale ndogo mbili pembeni ya jicho, na macho mekundu.

Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akasema bila ukali wowote, "Wameshamfukia. Wamenipigia nikiwa majini. Kule kivukoni nilimwambia dada mmoja mkata tiketi asihangaike, jirani yangu ni mwalimu, atawaambia wanisubiri."

Nilimwomba msamaha. Nilisema mengi, siyakumbuki, na sidhani kama aliyasikia. Nikaita bodaboda ya kumpeleka msibani. Kabla ya kupanda akatazama huku na huku, akaniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha. Akasimama na kifurushi chake. Niliona anafikiri. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kabla hajasema.

Akanipa. Kilikuwa chepesi. Upande mmoja kanga ilikuwa imeachia na gazeti limechanika, ndani ikaonekana shuka nyeupe, mpya, bado ina mkunjo wa dukani. Ilikuwa ya kumfunika mdogo wake. Kwa hiyo walikuwa wamemfunika kwa nyingine, sijui ya nani.

Alirudi akifuta mikono kwenye kitenge. Akakipokea, akasema asante. Halafu, mbele yangu, akapapasa lile fundo la kwanza, akapapasa la pili, kuona kama nimelifungua.